Nilivyomtumia mama maua Kigamboni: uzoefu wangu na mama wa maua wa Namanga

Jamani leo naongelea hii huduma ya kutuma maua freshi hapa Dar, maana nimetuma mara mbili, mara ya kwanza nililia na hela yangu, mara ya pili mama yangu alilia kwa furaha, na kilichotofautisha ni yule mtu aliyepokea oda, mmoja alinionyesha picha na mwingine aliniambia ukweli.

Nianze na ile ya kwanza niipitie haraka. Shangazi yangu yuko Sinza, mwaka jana alistaafu ualimu, nikataka siku ile apokee maua asubuhi kabla wageni hawajaanza kuingia. Nikaingia Instagram, nikaona ukurasa una picha nzuri balaa, waridi za pinki 30 zimepangwa kwenye boksi la duara zimebana kabisa, laki na ishirini pamoja na kufikishiwa. Nikalipa yote. Ahadi ilikuwa saa 4 asubuhi, yakafika saa 10 jioni, na yalivyofika waridi lilishafunguka mpaka unaona katikati, kingo za majani ya ua zimekuwa za kahawia, shangazi akiligusa moja linapukutika mkononi. Nilivyouliza nikajibiwa maua ndo yalivyo. Duka silitaji, ila shangazi aliyaweka mezani siku moja tu, kesho yake yakaenda kwenye debe la taka, na hakuniambia mpaka nilipomuuliza mwenyewe. Hilo liliniuma kuliko hela.

Sasa mwaka huu mama anatimiza miaka 70, anakaa Kigamboni na mdogo wangu, na mi siku hiyo niko Dodoma kikazi, hakuna namna ya kutoka. Dada mmoja tunayefanya nae kazi akanipa namba ya mama mmoja ana kibanda cha maua Namanga, hii ya hapahapa Dar, akaniambia huyu usimtumie picha, mpigie.

Nikapiga. "Shikamoo mama, nilikuwa nataka shada la maua." "Marahaba mwanangu, shada la msiba au maua ya zawadi?" Nikashtuka kidogo lakini alikuwa na haki, maana hapa kwetu ukisema shada mtu wa maua anafikiria kwanza lile la duara la kuweka kaburini, ndo maana vijana siku hizi wanasema bukee wakimaanisha la kushika mkononi. Nikamwambia ni bukee, ya mama yangu, anafikisha 70. Nikamwambia na rangi kabisa, nataka meupe matupu kwa sababu mama anapenda nyeupe. Akanyamaza kidogo halafu akasema mwanangu, mtu mzima akiletewa maua meupe matupu na pikipiki asubuhi, jirani wa kwanza atakayeona atavaa kanga aje kuuliza kuna nini. Akashauri niweke nyeupe na rangi ya pichi na manjano kidogo, nyeupe ibaki ila isiwe peke yake. Mi nisingewaza hilo hata kidogo.

Baada ya hapo akaanza maswali. Mama anaamka saa ngapi, nyumbani kuna chombo cha maua au ataweka kwenye jagi, sebule ina feni au kiyoyozi, yanaingia jua la asubuhi au la jioni, nani atapokea na ana simu. Halafu ndo akaniuliza lile swali ambalo kwangu ndo limebeba huduma yake yote, unataka yanayofanana na picha au unataka yaliyo mazima siku hiyo? Nikasema yaliyo mazima. Akasema basi hatutaongea majina ya maua sa hivi, tutaongea Jumatano.

Hapo ikabidi anieleweshe mzigo unavyokuja, na mi nikawa namsikiliza tu maana sikuwahi kujua. Waridi lake linatoka Arusha, kule kuna mwinuko na usiku wake ni wa baridi, kwahiyo ua linakua taratibu, kikonyo kinakuwa kinene na kichwa kinakuwa kikubwa, huku kwetu usawa wa bahari na hili joto waridi la kukata halikui hivyo. Linakatwa likiwa bado limefunga, linapandishwa basi, linasafiri zaidi ya kilomita 600 mpaka Dar. Mzigo wake unaingia Jumanne usiku na Ijumaa usiku. Siku ya kuzaliwa ya mama ilikuwa inaangukia Alhamisi, kwahiyo akasema tuna bahati, maua ya Jumanne usiku yatakaa kwenye ndoo ya maji kivulini Jumatano nzima, yanywe maji yashibe, Alhamisi asubuhi ndo yafungwe. Ua lililoshuka kwenye basi likafungwa hapohapo likatumwa linakuwa na kiu, linaonekana zuri saa moja halafu linalala. Nikamkumbuka shangazi wa Sinza. Na kama siku yako inaangukia Jumanne mchana ujue unanunua mabaki ya Ijumaa, mwenyewe anakwambia wazi, na anakwambia chukua krisanti au karneshini badala ya waridi kwa sababu hizo zinavumilia.

Jumatano saa 8 mchana akanitumia video, kibanda chake, ndoo kama sita zimepangwa, anapitisha simu taratibu anasema hili pichi limeingia zuri, hili jekundu limekwaruzika njiani silitaki kwenye kazi yako, krisanti nyeupe iko imara, manjano leo ya waridi hamna ila kuna karneshini ya manjano. Tukakubaliana waridi 15 za pichi, krisanti nyeupe, karneshini chache za manjano, vile viua vidogo vyeupe vya jipsofila na majani ya mkaratusi. Elfu 75. Boda mpaka Kigamboni elfu 12. Advansi nusu kwa lipa namba, nusu nyingine baada ya mama kupokea, na ni yeye mwenyewe aliyesema hivyo, mi nilikuwa tayari kulipa yote.

Sasa kuna jambo moja nilikuwa naliogopa tangu mwanzo. Mama yangu kakulia Pangani, kwa bibi yangu ua ni kitu cha kunusa. Asumini, kilua, mrehani, mkadi, hayo ndo maua kwake, ya kufunga kikuba, yaani kile kifungu kidogo cha maua ya kunukia ambacho wanawake wa pwani wanajipamba nacho, ya kuweka kitandani chini ya mto, na ukimletea ua la kwanza analolifanya ni kulipeleka puani. Na waridi hizi za kukata nyingi hazinuki, mama wa maua akanieleza kwamba zimezalishwa zikae siku nyingi na zisafiri mbali, harufu ikapotelea humo. Nikamwambia hofu yangu. Akacheka akasema na mi nimekulia hukohuko pwani mwanangu, subiri. Kumbe kuna jirani yake nyumbani ana mti wa asumini uani, akasema asumini huwezi kuitoa dukani, unaichuma magharibi ikiwa bado tumba limefumba, usiku inafunguka yenyewe, asubuhi iko kwenye harufu yake, na jioni yake imeshakuwa ya kahawia. Kwahiyo Jumatano jioni akaenda kuchuma, akafunga kikuba kidogo cha asumini na mrehani, akakizungushia jani la mgomba lililoloweshwa, akakifunga pembeni ya bukee kwa uzi. Alinidai elfu 5 kwa hilo. Nilimuongezea.

Alhamisi. Yaani nilikuwa kwenye kikao Dodoma lakini akili iko Magogoni, pale kwenye feri ya kwenda Kigamboni. Boda aliondoka Namanga saa 2 na nusu, nikapigiwa picha ya mzigo, vikonyo vimevishwa pamba ya maji na plastiki, bukee limelazwa ndani ya boksi la nyuma ya pikipiki. Mama wa maua aliniambia hamruhusu dereva kulishika mkononi wala kulibana mbele, upepo wa barabarani unakausha ua haraka. Tulipanga saa 3 na nusu liwe limefika. Likafika saa 4 na robo, kwa sababu pale feri foleni ilikuwa kubwa, pantoni moja tu ndo lilikuwa linavusha asubuhi hiyo. Dakika 45 za kuchelewa ni kasoro na naiandika, ila kaka wa boda alinipigia mwenyewe kutoka feri kabla sijaanza kuuliza, akasema dada niko kwenye foleni, nimesogea kivulini na boksi nimelifunika. Ningeambiwa hivyo mwaka jana nisingekuwa na kinyongo mpaka leo.

Mdogo wangu akarekodi video. Mama katoka na kanga yake, kasimama mlangoni, kaambiwa haya ni yako yametoka kwa mwanao, akayapokea kwa mikono miwili na kama nilivyojua, pua kwanza. Akanusa waridi, akatulia, nikaona kabisa anataka kusema mbona hayanuki. Halafu mkono ukagusa lile jani la mgomba. Akalifungua. Hakusema kitu muda mrefu, akasema tu "Asumini. Nani kafunga hiki kikuba?" halafu akakaa kwenye kochi na machozi. Akakibandika kifuani palepale na siku nzima wageni wanakuja kakivaa. Mi nilitoka nje ya kikao.

Kuhusu kukaa kwake, hapa nieleze vizuri kwa sababu ndo watu wengi tunapotupa hela. Mama wa maua alimtumia mdogo wangu voisi ya maelekezo bila kuombwa. Kata vikonyo mshazari kidogo kwa kisu kikali, mkasi butu unaviponda, toa majani yote yatakayozama kwenye maji maana yanaoza na kuziba mirija ya ua, sukari kijiko kimoja na matone machache ya jiki kwenye maji, badilisha maji kila baada ya siku mbili na kila ukibadilisha unakata tena kidogo. Feni isiyapulize moja kwa moja. Na akasema toa matunda. Mdogo wangu alikuwa kayaweka meza moja na mkungu wa ndizi mbivu, akaambiwa ndizi ikiiva inatoa hewa inayozeesha maua, karneshini ndo inaumia zaidi, akahamisha.

Siku ya pili waridi mbili zikainama shingo. Nikamtumia picha, nilitegemea kuambiwa maua ndo yalivyo. Akajibu ni hewa imeingia kwenye kikonyo, maji hayapandi, akasema kata sentimita kama tatu, zungushia gazeti kuanzia kichwani mpaka chini linyooke, chovya kwenye maji ya uvuguvugu marefu saa moja. Moja likasimama kabisa, jingine halikusimama, na akasema lile moja atanifidia oda inayokuja. Waridi nyingine zikaenda siku 6, krisanti ikafika siku ya 11 na mama alikuwa bado anaibadilishia maji. Kwa joto la Dar mwezi wa tatu, ndani ya nyumba yenye feni tu, mi naona hiyo ni kazi kubwa.

Mapungufu yake mengine ni haya. Jumamosi usimpigie kabla ya saa 6, hapokei, ana kazi za ukumbini, harusi na sendofu, na ukimtumia meseji atajibu usiku. Risiti hana, una meseji ya malipo tu, kwahiyo kama ni ya ofisini na mnahitaji risiti haitawafaa. Uchaguzi ni mdogo, ukitaka yale maua ya kigeni ya kwenye picha za mtandaoni atakwambia hana na hatakudanganya. Na Valentine anafunga oda tarehe 12, bei ya waridi kwake inapanda kama kwa wengine wote kwa sababu na yeye anauziwa juu, mwaka huu nilimuuliza akaniambia wazi shina moja limetoka kwenye elfu 2 mpaka elfu 4.

Mtu akiniuliza nitumie wapi, nitamwambia kabla hujalipa piga simu uliza maua yameingia siku gani. Akikujibu siku na akakuonyesha ndoo, endelea nae. Akikujibu kwa kukutumia picha nyingine nzuri zaidi, mi ningeacha.

Oda inayofuata nimeshaweka, ni ya shangazi Sinza. Karneshini na krisanti, waridi pichi 10 pamoja na lile moja la fidia, boda anaondoka Namanga saa 3 asubuhi Jumatano, siku ambayo mzigo umepumzika kidogo tu lakini mama wa maua kasema waridi atalichagua lililofunga kabisa. Shangazi nimemwambia asitoke nyumbani siku hiyo mpaka saa 5, sijamwambia kwanini.