Bastola ya risasi gani? Uzoefu wangu na 9×19 hapa Mwanza

Kazi yangu ni mabondo. Kwa asiyeijua kanda ya ziwa, bondo ni kifuko cha hewa cha sangara. Kikikaushwa vizuri kinasafirishwa hadi Hong Kong na China, na bei yake kwa kilo inaiacha mbali bei ya minofu. Nakusanya kwa wavuvi wa Ukerewe na Kome, nauza kwa mawakala mjini Mwanza. Wavuvi wengi bado wanataka noti mkononi, na mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, hakuna siri: kila mtu anajua leo nani kabeba nini. Ndiyo sababu niliomba kibali cha bastola, na ndiyo sababu wanawake wenzangu wa biashara hawaishi kuniuliza nilichagua risasi ya ukubwa gani.

Nilichagua 9×19, yaani kichwa cha upana wa milimita 9 na ganda la urefu wa milimita 19, ile inayoandikwa pia 9 mm Luger au Parabellum. Nimekaa nayo muda wa kutosha kuisemea, na ningeambiwa nichague upya ningeichukua hiyohiyo. Ila sababu zangu si zile zinazobishaniwa vijiweni, kwa hiyo nitazieleza kwa kirefu.

Sheria kwanza, kwa ufupi. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 huingii dukani na kutoka na bastola kiunoni. Ombi linaanzia ngazi za chini, linapita kamati za ulinzi na usalama, linakwenda polisi. Unatakiwa kuonyesha kwamba unajua kuitumia na una mahali salama pa kuihifadhi. Leseni inaandikwa aina ya silaha, namba yake na kaliba yake, yaani upana wa risasi, kwa hiyo uamuzi wa risasi unaufanya mapema. Hubadilishi baadaye kama unavyobadilisha laini ya simu. Halafu kuwa na leseni si ruhusa ya kupiga utakavyo. Kanuni ya Adhabu inakupa haki ya kujitetea kwa nguvu ya kiasi tu, kulingana na hatari iliyopo. Mtu aliyekwishakupa mgongo na anakimbia na begi lako, mwache aende na begi. Asiyeweza kulikubali hilo moyoni asiombe kibali.

Na bastola si kinga yangu ya kwanza. Kinga ya kwanza ni simu: kila mvuvi niliyemshawishi alipwe kwa M-Pesa amenipunguzia noti za kubeba. Mama mkwe wangu, mzee wa Kisukuma aliyeona sungusungu wakianza miaka ya 1980, bado ananiambia kwamba mwano, ile kelele ya kuomba msaada, ukipigwa na kijiji kizima kikatoka, hakuna mwizi anayesimama. Namwamini. Ila mtaani kwetu Buswelu siku hizi ukipiga kelele saa nane usiku, wengi wanaongeza komeo mlangoni.

Sasa risasi zenyewe.

Marehemu baba alikuwa na bastola ndogo ya .32, ambayo kwa milimita ni 7.65. Alipofariki ilirudishwa polisi kama inavyotakiwa, na kaka zangu wakataka niombe ya aina hiyohiyo. Hoja yao ilikuwa kwamba ni nyepesi na inamfaa mwanamke. Aliyenifundisha, afande mstaafu mwenye subira kuliko watu wote ninaowajua, alinipa ya namna hiyo niijaribu kwenye kiwanja cha shabaha. Risasi hii ni kazi ya John Browning, ya mwaka 1899. Kichwa chake, ile sehemu inayoruka, kina uzito wa kama gramu 4.6, na nguvu inayotoka nayo mtutuni ni kama joule 170. Kichwa cha 9×19 ni kama gramu 8, kinaruka mita 350 hivi kwa sekunde, na nguvu yake inakaribia joule 490. Ni karibu mara tatu.

Lakini kilichonikatisha tamaa na .32 hakikuwa hesabu hiyo. Katikati ya zoezi nilivuta triga nikasikia "tik" tupu. Nikataka kuigeuza niitazame. Afande akasema kwa sauti ya chini, "Mama, usiigeuze. Mtutu ubaki kwenye shabaha. Hesabu taratibu hadi thelathini." Risasi iliyogoma inaweza kulipuka kwa kuchelewa. Tulipoitoa, ganda lilikuwa na madoa ya kijani shingoni, kutu ya shaba. Boksi lile lilikuwa la zamani, na si ajabu, maana za .32 hapa kwetu hazitafutwi na wengi, na zilizopo hukaa rafu miaka. Kwenye unyevu wa ziwa, risasi iliyokaa ni ya kutiliwa shaka. Mimi nikatoka pale na swali moja la kumuuliza kila muuzaji kabla ya mengine yote: zipi zinaingia mara kwa mara? Kila nilipouliza, jibu lilikuwa 9×19.

Jambo lililonishangaza zaidi ni teke, yaani jinsi bastola inavyousukuma mkono nyuma ikipigwa. Niliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba risasi ndogo haimsumbui mwenye mkono mdogo. Nikajaribu bastola ndogo ya .380, yaani 9×17, ikanichapa kiganja kwa ukali kuliko ile kubwa ya 9×19. Afande alizifungua zote mbili mezani akanionyesha. Katika hizo ndogo nyingi, mtutu umekazwa mahali pamoja, na kinachozuia nguvu ya baruti isirudi nyuma ni uzito wa slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, na springi ngumu, basi. Teke lote linakujia kwa mkupuo mmoja. Na kwa sababu springi ni ngumu, kuikoki, yaani kuivuta slaidi nyuma kwa mkono, kwenyewe ni kazi, kidole gumba kinauma. Katika ile ya 9×19, iliyokuwa ya muundo wa CZ 75, mtutu na slaidi vimefungana kwanza, vinarudi pamoja kidogo, kisha mtutu unainama na kuachia. Teke linagawanyika, na uzito wa chuma wa karibu kilo moja unalimeza sehemu. Niliikoki bila kukunja uso. Kwa hiyo dada yangu, ukiambiwa "chukua ndogo, inakufaa," usiamini mpaka uikoki mwenyewe, mikono ikiwa na jasho.

Kuna muuzaji mmoja alinihimiza nichukue .45 kwa nguvu zote. Alisema hiyo ukimpiga mtu hata begani anaanguka papo hapo. Nimeipiga .45. Ni risasi nzuri, ina mlio mzito na heshima ya miaka zaidi ya mia moja. Lakini angalia: kichwa cha gramu 15 hivi, mwendo wa kama mita 255 kwa sekunde, nguvu joule 480 na kitu. Inalingana na 9×19! Tofauti ni kwamba inatoboa tundu pana kidogo, na kwa gharama hiyo magazini ya kawaida ya M1911, bastola maarufu ya .45, inabeba risasi 7, wakati CZ 75 ya kwanza ilibeba 15 na Glock 17 inabeba 17. Mimi risasi yangu ya pili ya .45 ilikuwa inakwenda juu ya ubao kila mara, kwa sababu nilikuwa sijauteremsha mtutu. Ya 9×19 ya pili ilikuwa inakaa karibu na ya kwanza. Hayo ya kuanguka papo hapo si kweli kwa bastola yoyote. Mwili unasimama haraka ukiguswa ubongo au uti wa mgongo. Vinginevyo unasubiri damu ipungue, na muda huo mtu aliyedhamiria anaweza bado kukudhuru.

Ushahidi wa hilo Marekani waliulipia kwa damu. Tarehe 11 Aprili 1986 huko Miami, maofisa wa FBI, polisi wa upelelezi wa serikali kuu ya huko, walipambana na majambazi wawili, Michael Platt na William Matix. Mapema katika mapigano Platt alipigwa risasi ya 9 mm iliyopita mkononi, ikaingia kifuani na kusimama kabla ya kuufikia moyo. Aliendelea kupigana. Maofisa wawili, Jerry Dove na Ben Grogan, wakauawa. FBI iliilaumu risasi, ikahamia 10 mm, kisha .40 iliyotoka mwaka 1990. Wakaweka pia kipimo kinachotumika hadi leo: risasi ipigwe kwenye jeli maalumu na iingie kati ya inchi 12 na 18, yaani sentimita 30 hadi 45. Miaka ikapita, vichwa vya risasi vikaboreshwa, na katikati ya miaka ya 2010 wakarudi kwenye 9 mm ileile, kwa sababu za kisasa zinafaulu kipimo hicho na maofisa wanalenga nazo vizuri zaidi na kwa haraka zaidi. Mbishi wa kijiweni anayesema "tisa ni dhaifu" mara nyingi anasimulia nusu ya kwanza ya habari hii.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa Mwanza naliona zito kuliko kaliba yenyewe: risasi inaishia wapi. Afande alikuwa na mlango chakavu wa mbao ya msonobari aliousimamisha mbele ya tuta la udongo. Tulipiga .32, ikatoka upande wa pili. 9×19, ikatoka. .45, ikatoka. Nilipitisha kidole kwenye matundu, upande wa mbele yalikuwa safi na upande wa nyuma mbao imechanika vipande virefu. Hakuna hata moja iliyobaki ndani ya mlango. Sasa fikiria nyumba zilivyopangana Mabatini au Igogo, chumba cha mwenzio kikianza pale chako kinapoishia, na kuta nyingine ni za mabati. Halafu kuna mawe yetu. Huu ni mji wa miamba, na risasi ikigonga jabali kwa pembe haisimami, inaparaza na kwenda isikojulikana. Ndiyo maana kiwanja cha shabaha kinataka tuta la udongo na si mlima wa mawe, hata kama mlima uko karibu na ni wa bure. Nyumbani kwangu nimekwishajua ni upande upi tu ninaoweza kuelekeza mtutu: ukuta wa tofali za kuchoma wenye kilima cha udongo nyuma. Upande wa wapangaji, hata ije nini, sipigi.

Hapo ndipo kichwa cha risasi kinapohusika. Kilichovikwa shaba chote kinapenya na kuendelea na safari. Chenye tundu mbele kinapanuka kikiingia mwilini na mara nyingi kinaishia humohumo. Watu wanaogopa kwamba kimekatazwa duniani. Azimio la Hague la 1899, lililokataza risasi zinazopanuka, linahusu vita tu. Kwa nyumba zilizobanana ningependelea chenye tundu, lakini madukani nilikopita nimekuta zaidi kile kilichovikwa shaba, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa.

Lingine la kuangalia ni kitako cha ganda. Ukisema dukani "nipe tisa," unaweza kupewa 9×17, 9×18 au 9×19. Ya 9×18 ni ya bastola ya Kirusi iitwayo Makarov, na kichwa chake ni kipana kidogo kuliko cha 9×19. Haziingiliani. Soma maandishi ya ganda, soma maandishi ya mtutu, linganisha na leseni, ndipo ulipe. Mimi nilishikishwa boksi la 9×18 na muuzaji aliyeapa kwamba ni ileile. Nilimrudishia palepale.

Kwa ambaye mikono yake haina nguvu ya kukoki kabisa, labda kwa maumivu ya viungo, rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, ya .38 Special ndiyo ningemwelekeza. Ni risasi ya mwaka 1898 na bado inafaa. Risasi ikigoma unavuta triga tena na nyingine inakuja. Kasoro ni kwamba triga yake ni nzito, zinaingia tano au sita tu, na nyepesi zake zina teke baya.

Kuhusu matunzo, unyevu huu hauchezewi. Nikisafiri kwa boti kwenda Kome na kurudi, jioni hiyohiyo naifuta, napaka mafuta kidogo, narudisha kwenye sefu. Risasi sizihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi, maana ngozi inashika maji na ndiyo inayoleta ule ukijani. Zile za kubeba nazimaliza kwenye mazoezi na kuweka mpya. Masikio nayafunga kila ninapopiga. Mlio wa bastola hufika karibu decibel 160, na chumbani unaumiza zaidi.

Nikifanikiwa kupata kwa njia halali zenye tundu za gramu 9.5, nitazipiga kwanza boksi zima kwenye bastola yangu, kwa kuwa kuna bastola zinazokwama na vichwa vya umbo lile. Zikikwama hata mara moja, nitabaki na hizi za shaba, na upande wangu wa kupiga utabaki kuwa ule wa kilima.