Mwaka mmoja na kalibu ya bei poa: uzoefu wangu wa kumimina risasi za .45-70

Kwetu neno ni moja tu: madini ni risasi, na kinachotoka kwenye mtutu ni risasi pia. Ukianza kumimina mwenyewe neno hilo linakuchanganya, kwa hiyo hapa "risasi" ni madini, na kile kinachoruka nitakiita "kichwa".

Naishi Columbus, Ohio, mwaka wa tisa huu. Jimbo hili linaruhusu raifo kwa kulungu tangu 2014, ilimradi ganda, lile kopo la chuma linalobeba baruti na kichwa, liwe limenyooka, lisiwe na shingo iliyobanwa kama chupa. Ndiyo maana nilinunua .45-70, bunduki ya kukokwa kwa wenzo ulio chini yake. Saizi hii ya ganda ni ya kizamani hasa. Jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1873, na jina lake ni hesabu tupu: unene wa inchi 0.45, grani 70 za baruti nyeusi. Kichwa chake cha mwanzo kilikuwa grani 405, gramu 26 hivi za risasi. Uzuri wake unaishia pale unapofika dukani, maana boksi la 20 linanitoa zaidi ya dola 50, na mimi nina watoto watatu.

Basi nikanunua kalibu ya aluminiamu ya matundu mawili, ya bei ya chini kabisa, na tanuri dogo la umeme lenye bomba chini. Presi na dai (vyombo vya kukazia kichwa kwenye ganda) na mizani nilivipata kwa mtu aliyekuwa anahama. Kampuni ya kalibu siitaji, kwa sababu nitailalamikia.

Nianze na tanuri. Linachemka haraka, ila bomba linavuja kama pua ya mtoto mwenye mafua. Nimelisafisha, nimelisugua, linatulia siku mbili kisha linaanza tena. Naweka kopo chini yake, maisha yanaendelea. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, lakini ukimimina hapo kichwa kinatoka na makunyanzi kama uso wa mtu aliyeamshwa saa nane usiku. Mimi nakaa karibu na 380. Ikizidi sana kinatoka na ukungu mweupe kama bilauri iliyotolewa friji, ambao haudhuru kitu. Vichwa ishirini vya kwanza ni vya kurudisha chunguni tu, hadi kalibu ipate moto.

Madini yenyewe nayapata kwa fundi matairi: vile vipande vya kusawazishia magurudumu. Siku hizi vingi ni vya zinki au chuma, chagua kwa subira. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, kwa hiyo ukilinda moto usifike huko, inaelea juu unaiopoa kwa upawa. Babu yangu kule Sikonge alikuwa anayeyusha risasi ya betri kuukuu kwenye kopo la maziwa juu ya mafiga, kwa ajili ya gobole lake. Usimuige babu. Betri za sasa zina mchanganyiko unaoweza kutoa gesi ya sumu. Na kama uko Tanzania usiniige hata mimi, kutengeneza risasi za bunduki bila leseni ni kesi. Huku mtu anaruhusiwa kujitengenezea za matumizi yake.

Mwezi wa pili nilichukua mkuo, yaani mche wa risasi iliyogandishwa, uliokuwa umelala kwenye sakafu ya gereji, nikautumbukiza chunguni. Ulikuwa na unyevu ambao sikuuona. Maji yakageuka mvuke chini ya risasi iliyoyeyuka, na chungu kikatapika chote. Nilikuwa na kinga ya uso, glavu za ngozi na shati la mikono mirefu, ndiyo salama yangu. Dari mpaka leo ina madoa ya fedha. Mke wangu akaita kutoka jikoni, "Baba Zulfa, huko kuna mtu kweli?" Tangu siku hiyo kila mkuo unakaa kwanza juu ya ukingo wa tanuri hadi upate joto, ndipo uingie.

Sasa niiseme kalibu. Vichwa vilitoka vizuri machoni, vinang'aa, kingo kali. Nikaenda uwanja wa shabaha, yadi 50, na matundu yakatawanyika kama kuku walioona mwewe. Nilipochungulia mtutu, ndani kumepakwa risasi mithili ya ukuta uliopigwa chokaa. Nikasugua saa mbili.

Kila mtu atakwambia tatizo ni ulaini, nami nikaamini. Nikaanza kudondosha vichwa kwenye ndoo ya maji vikiwa vya moto ili vikomae. Haikusaidia. Nikanunua mchanganyiko wa dukani, asilimia 5 bati, asilimia 5 antimoni, zilizobaki risasi. Ghali, na mtutu ukapakwa vilevile. Nilikaribia kuuza kila kitu.

Aliyenikomboa ni mzee jirani, mstaafu wa karakana ya vyuma. Hakuuliza habari ya ugumu hata kidogo. Aliuliza, "Mtutu wako umeupima?" Sikuwa nimeupima. Tukautia mafuta, tukasukuma donge la risasi laini ndani yake kwa kijiti cha mbao na nyundo ya mpira, likatoka upande wa pili na alama za mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu. Maikromita ikasoma inchi 0.459. Akachukua kichwa changu: 0.4575. Kalibu imeandikwa .459 ubavuni, inamwaga chembamba. Tofauti ni inchi 0.0015, nywele nyingi ni nene kuliko hiyo, lakini inatosha gesi ya moto kupenya pembeni na kuchoma risasi njia nzima. Kichwa kinatakiwa kiuzidi mtutu kidogo. Mimi nilikuwa nanunua ugumu wakati ninachokosa ni unene.

Dawa yake ilikuwa utepe wa aluminiamu, ule wa mafundi wa mabomba ya hewa. Tukabandika vipande vidogo kwenye uso wa nusu moja ya kalibu, mbali na matundu, ili nusu zile mbili zisikutane kabisa. Vichwa vikaanza kutoka 0.461, na kimstari chembamba ubavuni. Navipitisha kwenye tundu la kusawazishia, vinakuwa 0.460. Nikarudi kwenye madini yaleyale ya fundi matairi, na mafuta ya nta ya nyuki. Mtutu ukabaki msafi.

Kwenye baruti sitaandika kiasi, nacho usikichukue kwa mtu yeyote mtandaoni. Nunua kitabu cha vipimo. Kwa .45-70 vitabu vinagawa kurasa makundi matatu kwa nguvu ya bunduki: Springfield za kale, kisha za aina ya Marlin 1895, kisha zenye kufuli imara kama Ruger No. 1. Ukikosea ukurasa umejiua. Nilianza kipimo cha chini kabisa, nikapanda nusu grani kwa hatua, nikipiga mara tano kila hatua. Hatua ya nne matundu matano yakaingia ndani ya inchi mbili. Ya tano na ya sita yakafunguka tena. Nikarudi ya nne nikabaki hapo, ingawa kitabu kiliruhusu zaidi. Ganda hili ni kubwa, kipimo maradufu kinaingia bila kumwagika, kwa hiyo kabla ya kukaza kichwa namulika kila ganda kwa tochi. Kila moja.

Jumatatu inayofuata Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya huku mwezi Novemba, siku msimu wa bunduki unapofunguliwa, kulungu dume alisimama hatua kama sabini kutoka kwangu. Kichwa kiliingia nyuma ya bega kikatokea upande wa pili. Alikimbia hatua thelathini akalala. Nyama karibu na tundu haikuvilia damu kama ile niliyoizoea kwa vichwa vyangu vya dukani. Bado nilikata pana kuzunguka tundu, maana watoto wanakula. Mimi mwenyewe napima risasi kwenye damu kila mwaka, sili wala sinywi gereji, na nguo za kule hazichanganywi na za nyumbani.

Nyota, kama mnataka nyota: tanuri tatu, kwa ajili ya kuvuja. Kalibu mbili, na ningeandikiwa unene wa kweli ningetoa nne. Utepe wa aluminiamu tano, na roli bado haijafika nusu.