Msaada wa wanafunzi wa sheria katika mashauri ya nidhamu shuleni: maoni ya mlezi wa Tanga

Huduma ninayoieleza hapa hutolewa bila malipo na wanafunzi wa sheria waliopo Tanga kwa mafunzo kwa vitendo, chini ya wakili anayewasimamia, katika ofisi ndogo ya msaada wa kisheria maeneo ya Ngamiani. Niliifikia baada ya mpwa wangu wa kidato cha pili kupewa barua ya kusimamishwa masomo kwa tuhuma ya kukutwa na simu bwenini, barua ambayo haikutaja nani aliyemkuta nayo wala adhabu ingekoma lini.

Binti aliyetupokea, baada ya kuniamkia, alimgeukia mtoto na kumtaka aeleze mwenyewe, nilipodakia alinizuia kwa adabu: "Samahani baba, naomba tumsikie yeye kwanza." Ndipo akanisomea kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kinachompa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba kuhusu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na kukata rufani. Mtoto alipotaja kwamba alichapwa viboko sita, jambo ambalo nyumbani hakuwahi kulisema, tulielezwa kuwa kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 haziruhusu kuzidi vinne, na kwamba adhabu hiyo ni lazima iandikwe. Wakaiomba shule kwa maandishi nakala ya kumbukumbu hiyo.

Rasimu yao ya kwanza ilijaa vifungu na vitisho kwa mkuu wa shule, kana kwamba ndiye mshitakiwa. Wakili msimamizi aliikata karibu nusu, ikabaki barua fupi ya heshima inayoomba mtoto asikilizwe na bodi ya shule. Alisikilizwa, akajieleza bila kubabaika kwa kuwa walikuwa wamemwandaa, akarudi darasani kwa onyo.

Udhaifu mkubwa ni mwendelezo, kwani muda wa mafunzo ukiisha wanafunzi hurudi vyuoni, na anayerithi jalada huanza kuuliza yote upya. Simu nazo hupokewa kwa kubahatisha. Mzazi anayetaka kuwatumia asingoje hadi kikao kikaribie. Achukue kila barua aliyopewa na shule, tena aende na mtoto, maana bila mtoto hawaanzi kuandika chochote.