Boila ya kombi: maji ya mfereji ni moto, rejeta ni baridi

Assalamu alaykum ndugu zangu, poleni na baridi. Karibuni jikoni kwangu hapa Leicester. Sanduku hili jeupe ukutani, mngelidhani kabati la vyombo, ndilo boila ya kombi, na leo naichambua kwa sababu kila Novemba ujumbe ninaoletewa ni ule ule: "Dada, nyumba imekuwa barafu, nifanyeje?" Wengi wetu tumefika Uingereza tukitokea Mombasa, Unguja, Dar au Bujumbura, na hakuna aliyetufundisha kitu hiki. Mwenye nyumba anakukabidhi funguo, anakwenda zake. Kampuni iliyotengeneza hii yangu siitaji, maana nitakayosema yanahusu kombi karibu zote.

Mnaijua ile hita ya umeme ya bafuni kwetu, inayopasha maji papo hapo yanapopita? Kombi nayo ni hivyo hivyo. Haina tangi la kuweka maji ya moto. Ukifungua mfereji, gesi inawaka. Lakini ina kazi ya pili. Kuna maji mengine yamefungiwa ndani ya paipu na hizi rejeta za bati ukutani, yanazunguka kuipasha joto nyumba nzima na kurudi yale yale. Kazi zote mbili haifanyi kwa wakati mmoja. Mtu akifungua mfereji, boila inaziacha rejeta kwanza, inamhudumia, ndipo inazirudia. Anayegeuza njia ni valvu moja ndogo iliyo ndani.

Kwa hiyo nyumba ikipoa, kabla hujampigia mtu simu, fungua mfereji wa maji ya moto na uweke mkono. Yakija moto, basi gesi ipo, umeme upo, na moto unawaka. Ubovu utafute upande wa rejeta: thamostati (kile kidude cha kupanga joto la nyumba), pampu, au valvu hiyo imekwama. Yakija baridi nayo, tazama kama mita ya gesi ina salio, kama swichi ya umeme imewashwa, na boila inaandika nini kwenye kioo. Halafu tazama hii hapa. Nasogeza kamera.

Hii ni geji ya presha. Boila ikiwa imepoa, mshale ukae kati ya 1 na 1.5. Ikiwaka utapanda kidogo, karibu na 2, wala usishtuke. Ukishuka chini ya 0.5, boila nyingi hugoma kuwaka kabisa. Hapa chini kuna mpira uliosukwa kwa waya, una valvu kila upande. Hii yangu inazungushwa kwa bisibisi, nyingine zina vishikio vya plastiki. Zima boila, iache ipoe, fungua taratibu, sikiliza maji yanavyoingia, macho kwenye mshale. Ukifika 1.3 funga zote mbili, ukaze vizuri.

Sasa hapa nisikilizeni, maana hapa ndipo palipoponza nyumba yangu. Mwaka juzi mshale wangu ulikuwa ukishuka kila wiki, nami kila Jumapili naongeza maji, nikidhani ndiyo matunzo. Maji mapya yana hewa ndani yake, hewa inakula chuma, chuma kinatoa kutu, na kutu inageuka tope jeusi linalozunguka na maji. Julai nikaona jambo: nikioga, rejeta ya ukumbini inapata moto, na rejeta nimezizima kwenye thamostati. Ndiyo dalili kwamba ile valvu ya kugeuza njia imeanza kukwama, lakini sikulitilia maanani. Januari mama yangu yuko hapa kututembelea, asubuhi moja namkuta amekaa kitandani, kanga mbili na blanketi juu. Mfereji unatoa maji ya moto, rejeta zote baridi. Fundi alipoitoa ile valvu ya kugeuza njia aliiweka kwenye kitambaa cheupe, ikaacha doa jeusi kama wino wa pweza. Mama aliitazama akaniambia, "Mwanangu, hiki ndicho kilichokuwa kinakulilia siku zote." Maneno hayo yananikaa mpaka leo.

Kwa hiyo ukiongeza maji mara moja au mbili kwa mwaka, ni sawa. Ukiongeza kila wiki, acha, tafuta yanakokwenda. Pitisha tishu kavu chini ya kila valvu ya rejeta, uone kama inalowa. Kisha toka nje, tafuta paipu ndogo ya shaba iliyopindwa ikielekea ukutani. Kama chini yake pamelowa, washa boila na uutazame mshale: ukikimbilia 3, kisha boila ikipoa ukaanguka hadi sifuri, basi lile tangi dogo la ndani linalopokea maji yanapotanuka limepoteza hewa yake. Presha ikifika 3, valvu ya usalama inamwaga maji nje. Hiyo ni kazi ya fundi, na mara nyingi kujaza hewa tu kunatosha.

Rejeta zenyewe zinasema kwa mkono. Ikiwa baridi juu na moto chini, imebeba hewa. Zima boila, chukua kifunguo hiki cha shaba, zungusha robo hapa pembeni, kitambaa chini. Sikieni... shhh. Maji yakianza kutoka, funga, kisha kaangalie geji, itakuwa imeshuka. Ikiwa moto juu na baridi chini, hilo ni tope, na kutoa hewa hakutasaidia. Rejeta moja tu ikigoma na nyingine moto, fungua kichwa cha plastiki chenye namba. Utaona kipini, kibonyeze polepole mpaka kirudi chenyewe. Mara nyingi huganda baada ya kufungwa kiangazi chote.

Usiku wa barafu kali boila ikizima na ndani kuna sauti ya maji kugugumia, nenda kwenye paipu nyembamba ya plastiki inayotoka nje. Boila za namna hii, ambazo England ililazimisha tangu 2005, zinapooza moshi na kutoa maji kidogo kidogo, na maji hayo yakiganda njia inaziba. Mwagia maji ya uvuguvugu. Ya kuchemka yanaweza kupasua paipu.

Usifungue kifuniko cha boila. Anayegusa gesi awe amesajiliwa Gas Safe, yaani daftari rasmi la mafundi wa gesi. Muombe kadi yake, ageuze upande wa nyuma uone ameruhusiwa kazi gani. Ukisikia harufu ya gesi, fungua madirisha, usiguse swichi, toka nje ndipo upige 0800 111 999. Na ukiwa mpangaji, kutengeneza boila na kuikagua kila mwaka ni jukumu la mwenye nyumba kisheria. Tangu Oktoba 2022 huku England anatakiwa pia aweke king'ora cha kaboni monoksaidi kwenye chumba chenye boila. Msione haya kudai.

Je, naipendekeza? Kwa nyumba yenye bafu moja, ndiyo, kwa moyo wote. Kwa familia ambayo watu wawili wanaoga kwa wakati mmoja asubuhi, kila mtu bafu lake, hapana, maji yatagawanyika na wote watalalamika. Na punguzeni joto la maji yanayokwenda kwenye rejeta. Yangu nimeiweka 58, haikai 75 tena. Maji yakirudi yamepoa chini ya 55, boila inavuna joto lililokuwa linapotea na moshi. Nyumba inachelewa kupata moto, lakini haipoi.

Aliye na kombi inayomsumbua aniandikie hapo chini mambo matatu: mshale uko ngapi boila ikiwa imepoa, mfereji unatoa moto au baridi, na rejeta ni baridi wapi. Nitajibu jioni hii.