Kamera ya kumzawadia mwenzi wako: ipi uchukue, ipi uiache dukani

Kabla hujaingia Kariakoo kuulizia bei, pitia status za WhatsApp za mkeo au mumeo. Usipekue simu, utaharibu zawadi na mengine yasiyokuhusu. Tazama tu anachokiweka wazi. Kama ni watoto wakikimbia uani, anahitaji kamera inayokamata fokasi haraka. Kama ni keki na vitenge anavyouza, fokasi ya haraka si kitu, anachotaka ni lenzi nzuri na rangi za kweli. Na kama ni video za kujirekodi mwenyewe akiongea, kamera isiyo na skrini ya kugeuka ataitumia wiki mbili kisha itarudi kwenye boksi.

Jambo la pili ni kujua ndugu au rafiki zake wa karibu wanatumia kampuni gani. Lenzi za Canon hazikai kwenye Nikon, wala za Nikon kwenye Canon. Dada mtu akiwa na Canon na lenzi tatu kabatini, mnunulie mkeo Canon, basi. Kuazimana lenzi ndani ya familia kunaokoa fedha kuliko punguzo lolote utakalopewa dukani.

Wengi, hasa sisi wanaume, tunamaliza bajeti yote kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, kwa sababu ya megapikseli, ule wingi wa nukta zinazounda picha. Bodi nyingi nitakazozitaja zina megapikseli 24, na hizo zinatosha kuchapa picha ya ukutani ya inchi 20 kwa 13 bila kulazimisha. Tenga walau robo ya fedha yako kwa lenzi ya ziada, memori kadi halisi na begi. Nitarudi kwenye lenzi, maana hapo ndipo zawadi inapoanza kuonekana tofauti na simu.

Kuna watakaokwambia DSLR, yaani kamera zenye kioo ndani kinachokuonyesha picha kwenye kitundu cha kuchungulia, zimepitwa na wakati. Ni kweli kwamba Canon na Nikon wamehamishia nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo ndani. Lakini kwa mtu anayeanza, habari hiyo ni neema: bodi na lenzi zilizotumika zimejaa sokoni, mafundi wanazijua, na betri ya DSLR ukichungulia kwenye kitundu inadumu kutwa nzima ya harusi. Mwenye bajeti nene anaweza kuitazama Canon R50 ya mwaka 2023, ambayo kwa adapta inapokea lenzi za zamani za Canon. Wengine tuendelee.

Ya kwanza: Canon EOS 250D. Hii ndiyo ningemshauri mtu asiyejua lolote kuhusu kamera na anayetaka zawadi isiyomletea majuto. Ilitoka mwaka 2019, ina uzito wa gramu 449 pamoja na betri na kadi, kwa hiyo haitamchosha shingo, na skrini yake inafunguka na kugeuka upande wowote. Ina tundu la maikrofoni. Ina pia menyu ya wanaoanza, inayoeleza kwa picha mipangilio ya kamera inafanya nini.

Kuna siri yake ambayo muuzaji hatakwambia. Ukichungulia kwenye kitundu, ina pointi 9 tu za fokasi, yaani sehemu ambazo kamera inaweza kulenga, na hapo ni kamera ya kawaida kabisa. Ukipigia kwenye skrini inakuwa kamera nyingine: inafuata uso wa mtoto, inashika jicho na haliachi. Mwambie mwenzi wako hilo siku ya kwanza. Video ya 4K inayo, ila inakata pande za picha na fokasi inazubaa. Arekodi kwenye HD ya kawaida atafurahi zaidi.

Usibabaishwe na majina. Kamera hiyo hiyo huko Marekani inaitwa Rebel SL3, Japani Kiss X10, na sehemu za Asia 200D II. Atakayekuambia kwamba SL3 ni toleo jipya zaidi na bei yake ni ya juu, muage kwa heshima.

Ya pili: Canon 80D iliyotumika. Mwaka 2016 hii ilikuwa kamera ya watu wanaolipwa kwa kupiga picha, na wengi wao wamehamia kwingine, ndiyo maana zinapatikana. Ina pointi 45 za fokasi kwenye kitundu, skrini ya kugeuka, tundu la maikrofoni na la hedifoni, na betri kubwa ya LP-E6N. Uzito ni gramu 730, nao unausikia. Mnunulie mtu ambaye umemsikia akisema anataka kuanza biashara ya picha. Kwa anayepiga watoto Jumapili, ni mzigo tu.

Ina faida nyingine inayoonekana ndogo, nayo ni ile pini ya katikati pale juu panapochomekwa flashi. Kwenye 250D, 2000D na 4000D, Canon waliiondoa. Maana yake flashi nyingi za bei nafuu zinazotegemea pini hiyo, na vile vichochezi vya kuwashia taa za studio, hazitawaka kabisa, na watu wanadhani flashi ni mbovu. Geuza kamera dukani uangalie: 80D ina nukta ya shaba katikati, hizo nyingine pana plastiki tupu. Kama mwenzi wako ana ndoto ya studio, hiyo nukta ina thamani.

Ya tatu: Nikon D5600. Pointi 39, skrini ya kugeuka, pini ya flashi ipo, picha zake safi sana hata usiku. Kwa anayepiga picha tu bila video ningeipandisha juu ya 250D. Kinachoishusha ni fokasi ya kwenye skrini, ambayo ni ya kusuasua. Halafu bodi yake haina mota ya kuzungusha lenzi za zamani. Ukiuziwa lenzi ya AF 50mm f/1.8D kwa sababu ni rahisi, mkeo atakuwa anazungusha fokasi kwa mkono huku mtoto ameshatoka mlangoni. Tafuta iliyoandikwa AF-S au AF-P, zenye mota yao ndani.

Ya nne: Canon 2000D. Utaiona kila duka, kuanzia Mtaa wa Aggrey hapa Dar hadi Luthuli Avenue kule Nairobi. Picha zake hazina kasoro ya kutisha, lakini skrini haigeuki, tundu la maikrofoni hakuna, na fokasi ya video ni ya subira. Ichukue kama bajeti imegoma na unataka kitu kipya chenye boksi. Nikon D3500 inashindana nayo na kwa picha tupu inaishinda: betri yake inapiga picha 1,550 kwa chaji moja kwa kipimo cha kiwanda. Haina Wi-Fi, inatuma picha kwenye simu kwa Bluetooth, na Nikon hawaitengenezi tena.

Ya kuiacha: Canon 4000D. Najua bei inavutia. Pale lenzi inapofungwa ni plastiki badala ya chuma, skrini ni ndogo na hafifu, flashi unaiinua kwa kidole, na anayevaa miwani hana pa kurekebishia kitundu cha kuchungulia kilingane na macho yake. Kwa fedha hiyo tafuta 2000D iliyotumika vizuri.

Sasa lenzi. Kifurushi cha dukani huja na 18-55mm, na hapo kuna mtego: soma maandishi kwenye pete ya mbele. Ya Canon iandikwe IS, ya Nikon VR, yaani ina kitulizi cha mtikisiko wa mkono. 2000D nyingi za bei poa zinakuja na ile ya "III" isiyo na IS, na sebuleni taa zikiwa hafifu picha zinatoka zimetikisika. Vivyo hivyo ikatae 75-300mm anayokuongezea muuzaji kama bonasi. Haina kitulizi pia. Omba badala yake upunguziwe bei.

Kitakachomfanya mwenzi wako ashangae ni lenzi ya 50mm f/1.8: mm kubwa huvuta picha karibu, na f ndogo huingiza mwanga mwingi. Canon wameitoa ya STM mwaka 2015, gramu 160, ndogo kama kikombe cha kahawa. Uso unakaa wazi, nyuma kunafifia, na usiku inavuta mwanga ambao 18-55 haiuoni. Kama chumba ni kidogo au kazi ni ya vyakula mezani, 50mm itamlazimu arudi nyuma hadi ukutani. Hapo Canon 24mm f/2.8 STM au Nikon 35mm f/1.8G inafaa zaidi.

Ukinunua iliyotumika, nenda na tochi ya simu na memori kadi yako. Ondoa lenzi, mulika upande mmoja, chungulia upande wa pili. Nyuzi nyeupe zinazotandaa kama buibui ni fangasi. Huku Pwani, Tanga hadi Mombasa, unyevu ndio unaoilea, na ikishakula kioo usafishaji hauirudishi kama ilivyokuwa. Vumbi kidogo lisikutishe. Kisha piga anga au ukuta mweupe kwa f/16 uone kama kuna madoadoa, yaani uchafu kwenye sensa inayonasa picha. Kwa Nikon, idadi ya picha zilizopigwa inasomeka kwenye faili halisi la picha. Kwa Canon nyingi haimo humo, inahitaji waya na programu. Shata ya 80D, lile pazia linalofunguka kila unapopiga, imekadiriwa picha 100,000, kwa hiyo yenye 20,000 bado mbichi na yenye 90,000 ipunguzwe bei sana. Kama kamera imetoka Marekani, chaja yake ina pini bapa lakini inakubali umeme wetu wa volti 230, unahitaji adapta ya pini tu.

Memori kadi inunue duka unaloliamini, kisha ijaze yote kwenye kompyuta na ufungue mafaili. Kadi feki huandikwa GB 128 huku uwezo wake halisi ni mdogo mno, na picha zinazozidi hapo zinapotea kimya kimya.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe chaji betri, weka kadi ndani, panga saa na tarehe, funga mkanda wa shingoni. Watu wengi hupewa kamera mezani kisha wanasubiri saa mbili betri ijae, na keki imeshakatwa. Ndani ya begi tia vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, na risiti iweke wewe mpaka waranti iishe.