Tableti yenye kalamu kwa watoto wa shule ya msingi: uzoefu wangu, Bukavu

Tableti tunayotumia nyumbani ni Samsung Galaxy Tab S6 Lite, iliyotoka mwaka 2020, yenye kioo cha inchi 10.4 na kalamu isiyo na betri, kwani hupata nguvu kutokana na sumaku-umeme ya kioo chenyewe. Hapa Bukavu, ambako umeme waweza kukatika saa ile ile watoto wanapofungua madaftari, kupungukiwa na kitu kimoja cha kuchaji ni nafuu kubwa.

Kabla yake tulikuwa na tableti ya bei rahisi ya sokoni Kadutu, ambayo kalamu yake ya ncha ya mpira ilikuwa kidole kirefu tu. Kioo hakikuweza kutofautisha ncha na kiganja, hivyo watoto wakazoea kuandika mkono ukiwa hewani, tabia iliyowafuata hadi kwenye daftari la shule. Kwa hii ya sasa mkono unalala juu ya kioo bila kuharibu kitu, na herufi za kuunganisha, ambazo walimu wetu wanazidai mapema, zinaandikika vizuri: mimi naandika mstari kwa rangi ya kijivu, mtoto anapita juu yake, kisha naufuta wangu na kumwachia wake.

Hata hivyo, faida kubwa nimeiona katika hesabu. Binti yangu aliandika kwamba 52 kutoa 27 ni 35. Mchezo wa kuchagua jibu ungemwambia amekosa, basi. Lakini kwa kuwa alikuwa ameandika njia yake yote, niliona kwamba kwenye mamoja alikuwa ametoa 2 katika 7, akikwepa kukopa kumi. Tulirekebisha hapo hapo, kwa maharagwe mezani.

Kasoro zipo. Kioo kinateleza kuliko karatasi, na utando wa plastiki wenye ukwaru tuliobandika unapunguza utelezi huku ukiila ncha ya kalamu upesi. Kufuta nako ni kwepesi mno, kwa hiyo nimewataka wakate kwa mstari badala ya kufuta. Michezo mingi ya kujifunza ni ya Kifaransa au Kiingereza. Ukurasa mtupu, kwa maoni yangu, unafundisha zaidi.

Anayetaka kununua alaze kiganja chote juu ya kioo dukani na kuandika jina lake kabla ya kulipa. Mstari ukikatika au ukiruka, airudishe kwa muuzaji.