Makala ya Mbaraka Mwinshehe: kurasa mbili, vidole hakuna

Jamani, hivi mtu anapewaje picha ya Mbaraka Mwinshehe, yule mwimbaji na mpiga solo wa muziki wa dansi wa Morogoro, ameshika gitaa, anapewa na kurasa mbili nzima za kuitandaza, halafu anapitisha mkunjo wa kurasa juu ya mkono wa kushoto? Mkono ule ule unaobonyeza nyuzi! Jina la jarida silitaji, sitafuti kesi na mtu. Ni jarida la muziki, la karatasi ya kung'aa, linapatikana kwa wauza magazeti wa Posta, na bei yake si ya kununua ukasome kwenye daladala kisha ukaliache kwenye kiti.

Limebanwa kwa pini mgongoni. Mtu yeyote aliyeshinda kwenye kiwanda cha uchapaji, nami nimeshinda huko miaka mingi, anajua kuwa kwenye jarida la pini ni kurasa za kati tu ambazo ni karatasi moja. Kurasa nyingine zote unazoziona zinatazamana zimetoka kwenye karatasi mbili tofauti, zikaja kukutanishwa kwenye kukunjwa na kukatwa. Zikikutana sawasawa, mshukuru Mungu na umshukuru aliyekunja. Hizi hazikukutana. Shingo ya gitaa upande wa kushoto iko juu, upande wa kulia imeshuka, utadhani gitaa limegongwa na bodaboda. Vidole viko kwenye mkunjo. Nililitanua jarida mpaka mgongo ukalia, nikaambulia kucha moja.

Na zile kurasa za kati, zilizo karatasi moja, wameweka nini? Tangazo la vifurushi vya intaneti. Binti kashika simu, anacheka meno yote nje, hajakatwa hata unywele. Najua tangazo ndilo linalolipa mishahara, sijazaliwa jana. Basi si wangesogeza picha kulia kidogo tu! Nyuma ya mgongo wa Mbaraka kuna pazia tupu, nafasi ya kumwaga. Kazi ya nusu dakika kwenye kompyuta.

Nikapiga simu ofisini kwao. Dada wa mapokezi mstaarabu sana, akaniunganisha na kijana wa usanifu wa kurasa.

"Shikamoo mzee."

Marahaba. Akaanza vizuri. Nikamweleza habari ya mkunjo.

"Mzee wangu, ile ni staili. Picha imevunjika makusudi, inaonyesha maisha yake yalivyokatika ghafla."

Nikamuuliza, mbona binti wa vifurushi maisha yake hayajakatika? Kimya. Halafu: "Kwani mzee umesomea dizaini?" Nikamwambia nimechapa majarida wakati yeye hajajua kushika penseli. "Sasa mzee, siku hizi nani anaangalia vidole?" Akakata simu. Siyo kwamba ilikatika, alikata, nilimsikia anacheka na mtu pembeni.

Tangu hapo kila nikilifungua naona kasoro nyingine. Maelezo ya picha ni maandishi meupe, madogo, juu ya shati jeupe. Nilipochukua miwani nikasoma: "Mbaraka na wenzake jukwaani". Wenzake! Wanaume wanne nyuma yake wamebeba vyombo, jina hakuna. Kichwa cha habari kimeandikwa kwa herufi nene za kuvimba, rangi ya chungwa, za mabango ya sinema za Marekani za miaka ya 70. Morogoro inahusikaje na herufi hizo?

Nikasema labda maandishi yatafidia. Thubutu. Kwenye kichwa cha habari ni gwiji, aya ya kwanza ni nguli, chini ya picha ndogo amekuwa mkongwe. Mkongwe! Mtu kazaliwa 1944, kafariki Januari 1979, ana miaka 34. Kisha tunaambiwa alikonga nyoyo, tunaambiwa hakuna asiyemjua (sasa kurasa mbili za nini?), na kwamba mwaka 1973 alitoka Morogoro Jazz akaunda Super Volcano "kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake", maneno ya mwajiri anayeahirisha mshahara. Safari ya Osaka na Morogoro Jazz mwaka 1970, kwenye yale maonyesho makubwa ya Expo, imepata mstari mmoja: "akawapagawisha Wajapani". Bendi kutoka Morogoro inavuka bahari na magitaa yake mpaka Japani, na mwandishi hana hata hamu ya kujiuliza walipanda jukwaani na vyombo gani.

Gitaa nimelitafuta kwa kalamu nyekundu. Limetajwa mara moja, hivi: "Mbali na kuimba, pia alipiga gitaa." Mbali na kuimba! Pia! Huyu mtu alikuwa anaimba mstari, anaumaliza, na gitaa la solo analolipiga mwenyewe linadakia palepale kabla hujameza mate. Gitaa la ridhim linamshikilia huku, besi inatembea chini, na solo linasema yale ambayo mdomo umeyaacha. Ukiyatenganisha hayo mawili umebaki na nusu mtu. Sasa naelewa kwa nini msanifu hakuona shida kuzika vidole mkunjoni. Hata aliyemwandikia makala hakujua kuwa vina kazi.

Halafu kuna kitu kimoja kinachonifanya nishindwe kulitupa. Pembeni chini, ukurasa wa kushoto, kuna duara la lebo ya santuri, limeandikwa "Upande A". Ukurasa wa kulia, "Upande B". Nambari ya ukurasa imekaa ndani ya lile tundu la katikati, pale kinapoingia kidude cha gramafoni. Kadogo, safi, hakapigi kelele. Nilitabasamu peke yangu. Maana ndivyo nyimbo zilivyokuwa: santuri ndogo zile zilikuwa na dakika chache kila upande, wimbo mrefu wa dansi ukakatwa vipande viwili. Upande wa kwanza unasikia kisa, nani kamuacha nani, nani kaenda mjini. Unageuza, na mara nyingi unakutana na chemko, waimbaji wamesogea pembeni, magitaa yanasemezana, watu wanainuka vitini. Aliyewaza kugawa makala ya Mbaraka namna hiyo anaujua muziki huu, au ana baba anayeujua. Kwa wazo hilo peke yake ningewapa nyota nne na soda juu.

Ila ukisoma huo Upande B, mahali ambapo chemko lilitakiwa kuanza, wameweka ajali ya gari Mombasa, kilio, mazishi, mstari mweusi pembeni na nukuu kubwa iliyorudia sentensi iliyoko sentimita tano chini yake. Chemko limegeuzwa tanzia. Wazo wamelipata, wamelichora, wakalisahau kabla ya kufika aya ya pili. Hili limeniuma kuliko mkunjo. Hapana, mkunjo umeniuma zaidi. Mkunjo ungeweza kurekebishwa na mtu yeyote aliyekunja karatasi tupu mara moja kabla ya kupeleka kazi mashineni, na ndiyo kawaida ya kazi hii, unakunja kijarida cha mfano kwa mkono, unaiona kasoro yake, unarudi mezani.

Nilikuwa nimeshaandika nyota moja. Kwa ajili ya lile tundu la santuri nikapandisha hadi tatu. Nikakumbuka kicheko cha kwenye simu, nikashusha hadi mbili. Wakimpa yule wa duara kazi yote ya kurasa na wakampeleka mwandishi akakae na mpiga solo mmoja jioni moja tu, hawa watu wana jarida zuri kuliko yote yanayouzwa pale Posta, nasema kwa dhati. Kwa sasa hawana.

Ukurasa wa mwisho wanatangaza kwamba toleo lijalo ni zamu ya Salum Abdallah na Cuban Marimba. Nitakwenda kulitazama, lakini muuza magazeti nimeshamwambia mapema: nafungua kwanza, natafuta mikono iko wapi, hela baadaye.